Mafumbo ya Kimantiki kwenye Usaili wa Kazi: Namna ya Kuyajibu Hatua kwa Hatua

Umeshajieleza, umeshataja elimu na uzoefu wako, wajumbe wa jopo wanaitikia kwa kichwa. Kisha mmoja wao anafunga faili lako na kuuliza: "Una sarafu nane zinazofanana. Moja ni bandia, nayo ni nzito kidogo kuliko nyingine. Una mizani ya sahani mbili. Utaigunduaje kwa kupima mara mbili tu?"

Hapo ndipo wasailiwa wengi wazuri wanapopotea. Uwezo wa kulitatua wanao, ila wananyamaza. Shuleni tulizoeshwa kwamba anayenyoosha kidole ni yule mwenye jibu tayari, na kwamba kujibu nusunusu ni aibu. Kwenye usaili mambo ni kinyume. Mjumbe wa jopo ana karatasi ya alama mbele yake, na hawezi kuandika chochote kuhusu mawazo yaliyobaki kichwani mwako. Dakika mbili za ukimya zinazoishia na jibu sahihi zinaweza kukupa alama chache kuliko dakika tano za kufikiri vizuri kwa sauti zilizoishia karibu na jibu. Mwongozo huu wote umesimama juu ya jambo hilo: kufikiri kwa sauti, kwa mpangilio, mbele ya watu usiowajua. Ni ujuzi, na unafundishika.

Maswali haya yalitoka wapi, na leo yamefika wapi

Miaka ya 1990 kampuni ya Microsoft ilijulikana sana kwa kuwauliza waombaji kazi mafumbo. Lililovuma zaidi ni lile la kwa nini mifuniko ya mashimo ya majitaka barabarani ni ya duara. (Jibu linalotolewa mara nyingi: mfuniko wa duara hauwezi kutumbukia kwenye shimo lake hata ukiugeuza vipi, ilhali wa mraba ukiulaza mshazari unapita.) Google nayo ikafuata njia hiyo. Lakini mwaka 2013 Laszlo Bock, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa akisimamia masuala ya wafanyakazi wa Google, aliliambia gazeti la New York Times kwamba mafumbo ya namna hiyo yalikuwa ni kupoteza muda, kwa sababu hayakuwasaidia kubashiri nani atafanya kazi vizuri.

Ninalitaja hilo kwa sababu linakuonyesha pa kuweka nguvu zako. Fumbo tupu bado linaulizwa, na lazima ujiandae nalo. Ila maswali yanayoamua zaidi siku hizi ni ya makadirio na yale yanayotokana na kazi yenyewe: mauzo yameshuka, foleni ya wateja imekuwa ndefu, mzigo umechelewa bandarini. Kabla ya hayo yote kuna mtihani wa mchujo wa maandishi, ambao una sheria zake. Nitaanza na fumbo kwa kuwa ndilo linaloonyesha hatua zote waziwazi.

Rudia swali, kisha uliza

Usikimbilie kujibu. Lirudie swali kwa maneno yako mwenyewe: "Kama nimeelewa vizuri, sarafu ni nane, bandia ni moja tu, na tunajua kwamba ni nzito kuliko nyingine, si nyepesi. Ni sahihi?" Sentensi hiyo moja inafanya kazi tatu. Inakupa muda wa kupumua, inakulinda usijibu swali ambalo hukuulizwa, na inalionyesha jopo kwamba wewe ni mtu wa kuhakikisha kabla ya kutenda. Na si adabu tu. Kama isingejulikana bandia ni nzito au ni nyepesi, kupima mara mbili kusingetosha kwa sarafu nane. Neno moja lingegeuza swali zima.

Angalia fumbo la swichi tatu. Uko nje ya chumba kilichofungwa. Ndani kuna balbu moja, nje kuna swichi tatu, na moja tu ndiyo ya balbu hiyo. Unaruhusiwa kuingia mara moja. Jibu lililozoeleka ni kuwasha swichi ya kwanza kwa dakika kumi, kuizima, kuwasha ya pili, kisha kuingia. Balbu ikiwa inawaka, ni swichi ya pili. Ikiwa imezimika lakini ina joto, ni ya kwanza. Ikiwa imezimika na ni baridi, ni ya tatu. Sasa, jibu hili lilitungwa enzi za balbu za waya, zile zinazounguza vidole. Balbu za LED zilizojaa madukani leo hazitoi joto kama lile, na kioo chake kinaweza kukosa joto la kuhisika kwa mkono. Msailiwa anayeuliza, "Samahani, balbu ni ya aina gani?" ameshajitofautisha na kumi waliokariri jibu.

Chukua kalamu, punguza ukubwa wa tatizo

Ukiona fumbo lina idadi, majina au safari za kwenda na kurudi, omba karatasi. "Naomba niandike kidogo" ni ombi la kawaida na hakuna jopo la maana litakalolikataa. Nenda na daftari dogo na kalamu yako mwenyewe, usitegemee kupewa.

Kisha lifanye tatizo liwe dogo. Hii ndiyo mbinu ninayoiamini kuliko nyingine zote. Sarafu nane zinatisha, sarafu tatu hazitishi. Sikiliza namna mtu anavyoweza kulisema:

"Naomba nianze na sarafu tatu. Naweka moja kushoto, moja kulia, ya tatu naiacha mezani. Upande mmoja ukishuka, bandia ni hiyo iliyoshuka. Zikilingana, bandia ni ile ya mezani. Kwa hiyo kupima mara moja kunatosha kuchambua sarafu tatu. Sasa nina nane. Nikiweza kufanya upimaji wa kwanza unibakizie sarafu tatu au pungufu, wa pili utamaliza kazi. Basi napima tatu kwa tatu, na mbili zinabaki mezani. Upande mmoja ukishuka, bandia imo kwenye tatu za upande huo, na tatu najua namna ya kuzichambua. Zikilingana, imo kwenye mbili za mezani, nazipima hizo mbili."

Ukilisema hivyo, jopo limeona kila ngazi uliyopanda. Wengi huanza kwa kupima nne kwa nne, kwa kuwa mkono umezoea kugawa nusu kwa nusu, na wanajikuta wanahitaji kupima mara tatu. Siri iko kwenye mizani yenyewe: ina majibu matatu, kushoto, kulia na kulingana. Kupima mara mbili kunakupa matokeo tisa yanayowezekana, na mara tatu kunakupa 27. Ukilijua hilo, swali la nyongeza halikutishi. "Je, zingekuwa tisa?" Bado mara mbili, tatu kwa tatu na tatu mezani. "Zingekuwa 27?" Mara tatu. Maswali ya nyongeza ndiyo yanayomtenganisha aliyeelewa na aliyekariri, kwa hiyo ukifanya mazoezi usiridhike na jibu. Jiulize: namba ingebadilika, ningefanyaje?

Jibu la kwanza mara nyingi ni mtego

Watu wanne wanavuka daraja bovu usiku wakiwa na tochi moja. Daraja linabeba wawili tu kwa wakati mmoja, na hakuna anayevuka bila tochi. Wa kwanza anavuka kwa dakika 1, wa pili 2, wa tatu 5, wa nne 10. Wawili wakivuka pamoja wanakwenda kwa mwendo wa aliye mzito. Muda mfupi kabisa wa wote kuvuka ni upi?

Karibu kila mtu anasema: yule mwepesi awasindikize wenzake mmoja mmoja, awe anarudisha tochi. Ukijumlisha, 10 na 1 na 5 na 1 na 2, unapata 19. Ni jibu zuri, lakini si bora. Hapo sema wazi: "Nimepata 19. Kabla sijaridhika, naomba niangalie muda mwingi umeishia wapi." Umeishia kwa wale wawili wazito: dakika 10 na dakika 5, kila mmoja kwa safari yake. Je, wangevuka pamoja, zile 5 zikamezwa ndani ya 10? Basi wepesi wawili wanatangulia (2), wa kwanza anarudi (1), wazito wawili wanavuka (10), wa pili aliyekuwa akisubiri ng'ambo anarudisha tochi (2), kisha wepesi wawili wanavuka tena (2). Jumla 17.

Kumbuka chemshabongo la chui, mbuzi na majani. Mtumbwi unabeba wewe na kimoja tu; chui akiachwa na mbuzi atamla, na mbuzi akiachwa na majani atayala. Ufunguo wake ni kukubali kumrudisha mbuzi ulikotoka. Kwenye daraja ni vilevile: ufunguo ni kukubali kumtumia mtu wa pili kurudisha tochi, jambo linaloonekana ni hasara. Ukikwama kwenye fumbo la kuvuka, tafuta ile hatua ya kurudi nyuma uliyoikataa bila kuifikiria.

Mtego ule ule upo kwenye maswali mafupi. Mwaka 2005 mtafiti Shane Frederick alichapisha jaribio la maswali matatu ambayo kila moja lina jibu linalorukia mdomoni, nalo si sahihi. Kwa sura ya kwetu ni hivi. Daftari na kalamu kwa pamoja ni shilingi 1,100, na daftari limezidi kalamu kwa shilingi 1,000. Kalamu ni shilingi ngapi? Mdomo unasema 100. Ukihakiki, daftari lingekuwa 1,100 na jumla 1,200. Jibu ni 50. Mashine 5 zinatengeneza vifaa 5 kwa dakika 5. Mashine 100 zitatengeneza vifaa 100 kwa dakika ngapi? Dakika 5. Magugu maji yanaongezeka mara mbili kila siku na yalifunika bwawa lote siku ya 48. Yalifunika nusu siku ya ngapi? Siku ya 47. Dawa ni moja: rudisha jibu lako ndani ya swali uone kama linakaa.

Mtihani wa mchujo wa maandishi

Hapa hakuna wa kusikia sauti yako, kinachohesabiwa ni jibu na saa. Pitia karatasi yote kwanza, fanya rahisi, ruka gumu, rudi baadaye. Jizoeze asilimia hadi zikuchoshe: bei ikipanda kwa asilimia 20 kisha ikashuka kwa asilimia 20 hairudi ilikokuwa, inapungua kwa asilimia 4 (100 inakuwa 120, kisha 96).

Maswali ya hoja yanawaangusha wengi kwa sababu ya kutumia ujuzi wa mtaani badala ya kilichoandikwa. "Madereva wote wa kampuni wana leseni. Juma ana leseni. Je, Juma ni dereva wa kampuni?" Huwezi kujua. Leseni wanazo madereva wote, lakini hakuna aliyesema hawana wengine. "Haiwezekani kujua kwa taarifa hizi" ni jibu kamili, na ni jibu linalohitaji ujasiri kwa mtu aliyezoea kwamba kila swali la mtihani lazima lijibiwe ndiyo au hapana.

Makadirio: vinyozi wa Dar es Salaam

"Unadhani Dar es Salaam ina vinyozi wangapi?" Hakuna mjumbe anayeijua idadi. Mwanafizikia Enrico Fermi alisifika kwa makadirio ya aina hii, na swali la mafundi wa kurekebisha sauti za piano wa Chicago linahusishwa naye hadi leo. Mbinu ni kulivunja swali lisilojulikana kuwa maswali madogo ambayo kila moja unaweza kulikisia kwa busara.

"Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu wapatao milioni 5.4 Dar es Salaam. Nachukulia karibu nusu ni wanaume na wavulana, yaani milioni 2.7. Natoa watoto wachanga na wanaonyolewa nyumbani, nabaki na milioni 2.2. Wapo wanaonyoa kila wiki na wapo wanaokaa miezi miwili, kwa hiyo nachukulia wastani wa mara moja kwa wiki nne. Hiyo ni kunyoa mara 550,000 kwa wiki. Kinyozi mmoja, ukichanganya siku za msimu na siku za ukame, ananyoa kama watu 12 kwa siku, siku sita kwa wiki, takriban 70. Nikigawa 550,000 kwa 70 napata karibu 8,000."

Usiishie hapo. Wasailiwa wengi hutaja namba na kutulia, na ndipo wanapoacha alama mezani. Hakiki kwa njia nyingine: "Vinyozi 8,000 kwa watu milioni 5.4 ni kinyozi mmoja kwa watu 675. Saluni yenye viti viwili ingehudumia watu 1,350. Nikiangalia mtaani kwangu naona saluni ziko karibukaribu kuliko hivyo, kwa hiyo huenda nimewapa vinyozi wateja wengi mno kwa siku. Wakinyoa wanane badala ya 12, idadi inapanda hadi karibu 11,500. Ningesema ni kati ya 8,000 na 12,000, na namba ninayoitilia shaka zaidi ni ile ya wateja kwa siku." Kutaja namba unayoitilia shaka ni ukomavu ambao jopo linauona mara moja.

Ili ufanye hivi bila kuhangaika, beba namba chache kichwani: Tanzania watu milioni 61.7 kwa sensa ya 2022. Kenya milioni 47.6 kwa sensa ya 2019, Nairobi milioni 4.4, mwaka una wiki 52 na saa 8,760. Tumia namba za mviringo. Anayegawa 5,383,728 kwa mkono mbele ya jopo amepotea njia.

Tatizo la kazi: "miamala imeshuka"

Umeomba kazi kwenye kampuni ya huduma za pesa kwa simu. Unaulizwa: "Miamala ya mawakala wa mkoa mmoja imeshuka kwa asilimia 20 mwezi huu. Utafanya nini?" Jibu baya kuliko yote ni kuanza na suluhisho: "Nitafanya promosheni." Hujajua mgonjwa anaumwa nini, umeshaandika dawa.

Anza kwa kuhoji namba yenyewe. Imeshuka ukilinganisha na lini? Januari ukiilinganisha na Desemba, kushuka kunaweza kuwa ni msimu tu: sikukuu zimepita, ada za shule zimemaliza hela. Linganisha na mwezi kama huo mwaka jana. Kisha uliza ni wapi: mawakala wote, au wilaya mbili zimeuvuta mkoa mzima chini? Kisha lini hasa: siku moja ghafla, au polepole? Kushuka ghafla kunanusa hitilafu ya mtandao, bei mpya au sheria mpya. Kushuka polepole kunanusa mshindani. Kisha ni miamala ipi: ya kuweka, ya kutoa, au ya kulipia bili?

Kila swali lichore kama tawi kwenye karatasi yako, ulieleze jopo kwa nini unaliuliza. Miamala ni idadi ya wateja mara idadi ya miamala ya kila mteja. Sema wazi unachunguza upande upi. Kama wateja wapo lakini wanaondoka bila huduma, nenda kwenye floti, yaani salio ambalo wakala analitumia kuwahudumia wateja: wakala aliyeishiwa floti saa nne asubuhi anafukuza watu hadi jioni, na kwenye ripoti inaonekana kana kwamba wateja wamepungua. Namna ya kulithibitisha ni rahisi, angalia salio la mawakala saa kwa saa na upige simu kwa kumi kati yao.

Usisahau nje ya kampuni. Julai 2021 Tanzania ilianza kutoza tozo kwenye miamala ya kutuma na kutoa pesa kwa simu, malalamiko yakawa makubwa, na Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Mchambuzi ambaye angetafuta sababu ndani ya kampuni pekee kipindi kile angezunguka bure. Ukitoa mfano wa namna hiyo kutoka sekta unayoomba, unaonekana ni mtu ambaye tayari yumo kazini.

Maliza na hatua moja ya kwanza na kipimo chake: "Wiki ya kwanza ningechunguza floti kwenye wilaya hizo mbili, nikikuta zaidi ya nusu ya mawakala wanaishiwa kabla ya saa sita mchana, ningeanza na hilo." Kitu kimoja kinachopimika kinatosha.

Ukikwama

Sema ulipofika: "Nimepata 19, nahisi ipo njia fupi zaidi, ninachotafuta ni namna ya kutolipia wazito mara mbili." Mara nyingi mjumbe atakurushia kidokezo. Kipokee, kirudie, kitumie palepale. Wengi huona kidokezo kama ishara ya kushindwa na kukipuuza, kumbe jopo linapima pia kama wewe ni mtu anayeelekezeka. Ukigundua kosa, lirekebishe kwa sentensi moja na uendelee. Usiombe radhi mara tatu.

Mazoezi yafanye kwa mdomo. Fumbo moja kwa siku, simu ikirekodi sauti, kisha jisikilize. Utashangaa ni mara ngapi unasema "yaani" na kuruka hatua. Mara mbili kwa wiki mtafute mwenzako awe jopo, akukatize, akuulize "kwa nini?" bila huruma. Kama usaili utakuwa kwa Kiingereza, fanya pia mazoezi kwa Kiingereza, kwa sababu kufikiri kwa sauti kwa lugha ambayo hukuizoea ni kazi ya pili juu ya kazi ya kwanza.

Na ukiulizwa fumbo unalolijua tayari, sema: "Hili nimewahi kulisikia, nilieleze nilivyoelewa, au mngependa mnipe jingine?" Usiigize kana kwamba unaligundua pale pale. Wajumbe wameshawaona wengi wanaoigiza, na swali la nyongeza huwafichua. Ukiwaambia ukweli, wengine watakuomba ulieleze hivyohivyo, wengine watabadilisha namba, na wewe uliyejizoeza kubadilisha namba utaendelea.